Boriti ya Muasya

Ngendo wa Kagwe alinyang'anywa mguu wake kwa kosa la kuketi. Sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili bila kulipunguza uzito. Mnamo Juni 1956, katika shamba moja la kahawa nje ya Ruiru, mwiba ulimwingia kisiginoni akiwa amebeba debe la buni. Akalitua debe, akaketi chini ya mbuni ili autoe mwiba. Nyapara Gerishon akamkuta hapo. Hakumchapa, kwa sababu kuwachapa wanawake hadharani kulikuwa kumeanza kuleta maneno hadi ofisini. Alimpeleka katikati ya uwanja wa kuanikia kahawa, akamwekea debe lililojaa mabegani, akamwamuru achuchumae kwa ncha za vidole, visigino visiguse chini, mpaka lori la kiwandani lifike.

Lori lilichelewa. Jua lilitoka utosini likaelekea magharibi, upande wa Sasumua, na wanawake waliokuwa wakichambua buni mezani waliendelea kuchambua bila kuinua macho, kwa kuwa mwenye kutazama angeweza kuitwa amsaidie. Walichokisikia wote ni goti la kulia la Ngendo likigeuka ndani, mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjwa kuwashia moto. Debe likaanguka. Gerishon akamwambia meneja kwamba mama huyo aliteleza.

Meneja hakuuliza zaidi. Alisema kwamba siku ya kwanza ya uchumaji mkubwa, mwezi wa Oktoba, Ngendo awe kwenye mstari na debe lake, la sivyo chumba chake kwenye laini za wafanyakazi apewe mwingine. Katika chumba hicho aliishi pia mama yake mzazi, Wamboi, mzee asiyeona, ambaye nyumba yake ya huko rizavu, maeneo waliyotengewa Waafrika, ilichomwa watu walipokusanywa katika vijiji vipya. Wakitolewa hapo, mzee Wamboi angepakiwa kwenye lori na kushushwa mahali ambapo hakuwa na ukuta wala mtu. Hilo ndilo Ngendo alilolifikiria kila usiku goti lilipokuwa likipwita. Alifikiria mama yake akiwa amesimama kando ya barabara, akipapasa hewa.

Zahanati ya misheni ilikuwa Thika, juu ya ukingo wa mto Chania, mahali ambapo sauti ya maporomoko haikomi na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka. Ngendo alipewa barua ya ruhusa ya kusafiri, akalazwa kwenye banda la wanawake. Uvimbe ulipopungua, dresa Odhiambo, mhudumu wa majeruhi, alimwongoza, akichechemea kwa fimbo, hadi kwenye ghala la mbao lililokuwa nyuma, karibu na maji.

Odhiambo alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya jeshi wakati wa vita, akiwasimamisha tena askari waliorudi na miguu iliyonyong'onyea. Alikuwa mtu wa maneno machache na kola safi. Akafungua mlango, akasubiri.

Ndani zilisimama reli mbili za chuma, wima, kutoka sakafuni hadi kwenye mhimili wa paa, na kando ya kila reli nguzo ya mbao. Kati ya reli ilikaa boriti nzito ya mti mweusi, imevishwa pete za chuma kwenye ncha zake, iweze kupanda na kushuka tu, bila kwenda mbele wala nyuma. Kamba mbili za katani zilitoka kwenye boriti, zikapanda, zikapita juu ya magurudumu madogo, zikashuka hadi kwenye ndoano zilizopigiliwa miguuni mwa nguzo.

"Mama, umewahi kuona kitu kama hiki?" Odhiambo akauliza.

"Nimesikia kipo," Ngendo akajibu. "Ni pale wanaponyongea watu."

Mwaka ule wa hali ya hatari, serikali ikinyonga wapiganaji, hilo halikuwa neno la kuchekewa, na Odhiambo hakucheka.

"Hapa hatunyongi mtu. Hapa tunachuchumaa."

Ngendo akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Dresa, nimeletwa hapa kwa sababu ya kuchuchumaa."

"Najua. Yule alikuchuchumaza ili uanguke. Mimi nataka ushuke ili uinuke. Ni kazi mbili tofauti, hata kama jina ni moja."

Akamweka chini ya boriti, ambayo wakati huo ilikuwa imetundikwa kwenye ndoano nyingine mbili za kimo cha mabega, blanketi kuukuu likiwa limeviringishwa katikati ili mbao isimle mtu shingoni. Akamrekebisha kama fundi anayepanga mawe ya msingi. Miguu itengane kwa upana wa mabega, isogee mbele kidogo. Visigino, tofauti na alivyoamuru Gerishon, vibaki chini muda wote, vikibeba uzito. Magoti yafuate njia ya vidole vya miguu, na la kulia lisiachwe lianguke ndani kama lilivyozoea.

"Vuta pumzi ukishuka. Itoe ukipanda. Ukifika juu usilikaze goti mpaka lifunge. Liache na ulegevu kidogo. Na ukifika pale paja linapolala sawa na sakafu, basi, usiende chini zaidi. Alama ya chaki ile pale kwenye reli. Boriti haiwezi kuivuka, kamba zitaizuia. Hata ukizimia, haitakulalia."

Mwanzo boriti yenyewe ilikuwa mzigo wa kutosha. Ngendo alishuka kidogo akitetemeka, akapanda, na jasho likamtoka kama aliyepanda mlima wa Kilimambogo. Lakini chuma kilimshikia njia. Hakuhitaji kuogopa kuangukia upande. Kilichobaki kwake kilikuwa kusukuma tu. Aliporudi bandani siku hiyo, alilala bila kuota uwanja wa kahawa.

Kwenye kitanda cha pili alilala Nduku, mfanyakazi wa shamba la mkonge upande wa mashariki ya Thika, aliyevunjika paja alipoanguka kutoka kwenye trela la majani ya mkonge. Mfupa ulikuwa umeunga, na naye alianza kuletwa kwenye fremu, akikaa juu ya gunia kusubiri zamu yake na kutoa mawaidha ambayo hayakuombwa.

"Shuka kama unayeketi kwenye kigoda cha mama mkwe," alimwambia Ngendo. "Polepole, huku unahofia kisije kikavunjika, halafu useme ni kwa sababu ya makalio yako."

"Nduku, nitacheka na boriti iniue."

Nduku akainama mbele juu ya gunia lake. Alikuwa ametazama chini ya boriti, mahali ambapo blanketi lilikuwa limeteleza. Kulikuwa na kishimo laini kwenye mti, kipana kama kiganja, na doa lililokuwa jeusi kuliko weusi wa mbao. Akainuka na fimbo yake, akakigusa.

"Dresa," alisema, "kitu hiki ulikitoa wapi?"

"Shamba moja la mkonge lilikuwa linatupa mashine ya zamani ya kushindilia marobota. Nikaomba vyuma na mbao zake."

"Walikwambia kwa nini walikuwa wanaitupa?"

Odhiambo alikuwa akifunga kamba, hakugeuka. "Imezeeka."

"Haikuzeeka. Watu walikataa kuigusa. Boriti hii ilimwangukia shemeji yangu Muasya, mume wa dada yangu, kamba ilipokatika. Alikuwa amewaambia kwamba kamba imeisha. Wakamwambia amalizie robota lililobaki." Nduku alisema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya maharagwe. "Alikuwa na kikohozi cha vumbi la mkonge. Ulikuwa ukikaa kiwandani unakisikia kabla hujamwona mwenyewe."

Kwa siku kadhaa Ngendo aliendelea na mazoezi, lakini sasa alijua ni nini kilicholala mabegani mwake. Mguu ulikuwa ukipata nguvu na moyo ukipungukiwa. Alipofika chini, kwenye alama ya chaki, ambapo kusukuma kulikuwa kugumu zaidi, alihisi kama kuna mtu aliyesimama karibu sana nyuma yake, akiwa amezuia pumzi.

Jumapili moja ya Agosti mzee Wamboi aliletwa na lori la kahawa lililokuwa likipeleka magunia kinuni Thika; dereva alimhurumia. Odhiambo alikuwa ameenda kanisani. Ngendo akamshika mama yake mkono, akampeleka ghalani amwonyeshe, yaani amgusishe, kitu kinachomponya. Hakuwa amemtajia Muasya hata mara moja, na Nduku aliyewafuata kwa fimbo hakuwa amefungua kinywa.

Vidole vya mzee vilitembea juu ya boriti, vikafika kwenye kile kishimo. Mkono ukarudi nyuma kana kwamba umegusa sufuria ya moto.

"Nani alikufia hapa?"



"Hakufia humu, cucu," Nduku alisema, akimwita bibi kwa Kikuyu. "Alifia kiwandani."

"Kilichomuua kimo humu. Kwa hiyo naye yumo." Wamboi akaugeuza uso wake usioona kuelekea ukuta mmoja, kisha mwingine, akinusa. "Na nyumba haijatobolewa. Ngendo, nilikufundisha nini? Nyumba yenye mfu hutobolewa ukuta, upande usio na mlango, apate pa kutokea. Mlango ni wa walio hai. Ninyi mnaingia na kutoka juu yake kama mbuzi, naye atatokea wapi?"

"Cucu, huyu alikuwa Mkamba," Nduku akasema. "Sisi hatutokei kwenye tundu kama panya. Tunatoka mlangoni, tunaaga, tunaongea mpaka wenye nyumba wachoke."

"Basi ndiyo maana bado yumo. Bado anaaga."

Nduku alicheka mpaka akashika paja lake. Lakini Ngendo hakucheka. Mama yake aliporudishwa kwenye lori, alichukua chuma cha kuchochea moto, akang'oa ubao wa ukuta wa nyuma, ule unaotazama mto, na kuuegemeza nje kwenye majani. Nduku alimshikilia, akinung'unika. Tundu likawa refu kama mtu, jembamba, nyuma ya rundo la magunia lililolificha kwa aliyeingia mlangoni, na ndani yake kulionekana weupe wa maji.

Kesho yake asubuhi boriti ilikuwa imepanda.

Kila jioni Odhiambo aliishusha mpaka ikaning'inia kwenye kamba zake, juu ya alama ya chaki hasa, ili mtu anayepita gizani asije akajigonga. Hivyo ndivyo alivyoiacha Jumapili aliporudi, bila kuona tundu lililokuwa nyuma ya magunia. Sasa ilikuwa imesimama juu ya alama kwa karibu shibiri nzima, imetulia, bila chochote chini yake.

"Nani ameichezea?" Odhiambo aliuliza.

"Usinitazame mimi, daktari," Nduku akajibu. "Hata mlango wa choo naufungua kwa kuomba msaada."

Dresa akalegeza kamba, akaipimia upya kwenye chaki, akazifunga kwa hasira. Jioni akaipima tena kwenye chaki, na siku iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Wagonjwa waliokuwa wakilala karibu walisema kwamba alfajiri walisikia mlio mrefu, mwembamba, kama wa mtu anayenyanyuka kutoka kitandani huku viungo vikimlia. Mzee Githinji, aliyekuwa akitibiwa nyonga, alikusanya blanketi lake akaondoka bila kumuaga mtu. Odhiambo aliweka kufuli mlangoni. Kufuli lilibaki limefungwa, na boriti ikapanda.

Kisha jambo likageuka. Alasiri moja yenye jua kali Ngendo alishuka chini ya boriti kama alivyofundishwa, visigino chini, pumzi ndani. Alifika kwenye alama ya chaki akangoja kamba zimzuie. Hazikumzuia. Boriti ikaendelea, polepole, kwa uzito wa mtu aliyekwisha kuamua, ikampitisha mahali ambapo goti lake lilikuwa na ruhusa ya kufika. Alipojaribu kusukuma hakukuwa na nguvu huko chini, kulikuwa na kina tu. Goti likafanya ule mlio. Odhiambo alimtoa akiwa ameshikilia reli kwa mikono miwili, akilia bila sauti.

"Asubuhi anapanda," Nduku alisema usiku ule, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mzaha ndani yake. "Alasiri anavuta. Muasya hakuwa mtu wa hivyo. Sijui wamemfanya nini huko."

Ngendo hakurudi kwenye ghala. Septemba ikaanza. Odhiambo alikuja kitandani pake kila siku, akisimama na kola yake safi.

"Mama, goti halikuchanika. Ilikuwa onyo. Lakini mguu usiotumika husahau."

"Wangu hausahau, dresa. Unakumbuka kupita kiasi."

"Oktoba haingojei."

"Najua Oktoba. Mimi ndiye mwenye mama."

Ili mikono isikae bure alianza kusuka kiondo, kikapu cha nyuzi. Alisokota nyuzi za mkonge pajani, akazitundika kwenye msumari karibu na dirisha, na kama wasukaji wote alifunga jiwe mwishoni mwa uzi ili unyooke. Alasiri alipoliacha, jiwe lilikuwa limegusa sakafu.

Alipoamka alfajiri, jiwe lilikuwa hewani.

Lilikuwa likizunguka taratibu, upande huu, kisha upande ule, juu ya sakafu kwa upana wa vidole viwili. Hapakuwa na mtu aliyeamka. Ukungu ulikuwa umeingia dirishani na kulala kwenye vitanda kama shuka la pili.  Amenifuata, aliwaza. Nimemfungulia tundu, naye badala ya kwenda amekuja kwangu. 

Alilitazama jiwe mpaka woga ulipochoka. Kisha, kwa sababu uzi ule ulikuwa wake, ameusokota kwenye paja lake mwenyewe, akanyoosha mkono akaushika. Ulikuwa umelowa. Ulikuwa mgumu, umekaza kama mshipa wa shingo.

Kila mwanamke wa kwao anajua kwamba kiondo kikilowa hukaza. Alilijua tangu akiwa mtoto; hakuwa amewahi kulihitaji kwa jambo kubwa kuliko kikapu. Alichukua fimbo, akaenda hadi ghalani akiwa peke yake, akazunguka nyuma kwenye tundu alilolitoboa kwa mkono wake, akachungulia.

Ukungu wa mto ulikuwa ukiingia kupitia tundu lile kama maji kwenye mfereji. Tundu lilikuwa mkabala na kamba, na ukungu ulizifikia kabla ya kitu kingine chochote, ukazivika unyevu mpaka zikang'aa. Mbele ya macho yake kamba zililia, ule mlio mrefu, mwembamba. Boriti ikapanda upana wa kidole. Ikatulia. Ikalia tena.

Kwa hiyo ni yeye mwenyewe. Ni yeye aliyeufungulia mto mlango. Na alipokumbuka jinsi dresa alivyokuwa akizifunga kamba upya kila asubuhi zikiwa zimelowa na kufupika, alielewa pia alasiri ile: jua lilipozikausha, zilirefuka zikavuka chaki, na yeye akiwa chini yake. Hakuna aliyemvuta. Walikuwa wamejivuta wenyewe, mmoja kwa hofu na mwingine kwa hasira.

Angetakiwa kucheka hapo. Alikuwa ameshafungua kinywa ili acheke, ndipo aliposikia, kutoka ndani ya ghala lililofungwa kwa kufuli, kikohozi cha mwanamume. Kikavu, kifupi, cha mtu mwenye vumbi kifuani.

Hakumwambia Odhiambo habari za kikohozi. Alimwambia habari za kamba, naye akasikiliza akiwa amesimama, akaenda nyuma ya magunia, akalitazama tundu kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nikipima asubuhi," alisema. "Kila siku asubuhi." Kisha, kwa ukali ambao haukuwa juu ya Ngendo, "Kitu kinachomlinda mtu hakifungwi kwa kamba. Muasya alishawaambia hivyo."

Siku hiyo hiyo alitoboa matundu kwenye nguzo mbili za mbao, akapitisha vyuma vinene chini kidogo ya alama ya chaki, ili boriti ikishuka itue juu ya chuma na si juu ya uzi. Vyuma havinywi ukungu. Akaitua boriti juu ya vyuma hivyo kwa mikono yake, akairukia mara kadhaa kama mtoto kwenye tawi, kola ikimpanda shingoni, mpaka alipoamini.

Kilichobaki ni ule ubao. Odhiambo alileta misumari na nyundo, na hapo Nduku akamzuia.

"Ngoja, daktari. Huwezi kumfungia mtu ndani."

"Nduku, tumeshaelewana kwamba ni kamba."

"Ninyi mmeelewana. Mimi sijaongea naye." Akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa, jua likaingia mpaka miguuni mwa fremu. Akasimama kando, kama mwenyeji anayempisha mgeni. "Muasya. Ni mimi, Nduku, dada ya mke wako. Boriti haimwangukii mtu tena, wameiwekea chuma. Dada yangu yuko salama, watoto wanakula. Toka sasa, shemeji. Pita hapa mlangoni, si kwenye tundu. Kama una la kuaga, aga, lakini usichukue siku nzima."

Walisimama wote watatu. Ukungu uliokuwa umebaki kwenye pembe za ghala ulianza kusogea. Unaweza kusema ni hewa, kwa kuwa mlango na tundu vilikuwa wazi kwa pamoja. Lakini ulipita mlangoni ukiwa umekusanyika, mwembamba, kimo cha mtu, ukashuka ngazi, na nyasi za njiani zikalala kidogo upande mmoja na kuinuka. Odhiambo alitazama pembeni. Kisha akaupigilia ubao.

Boriti haikupanda tena alfajiri yoyote.

Ngendo alirudi chini yake siku iliyofuata. Alianza tena na mzigo mwepesi, akishuka nusu ya njia, akisimama kupumua, akipumzika siku nzima kabla ya kurudia, kwa kuwa dresa alisema nguvu huja wakati wa kupumzika. Goti likajifunza kufuata vidole bila kukumbushwa. Mapaja yakajaa. Odhiambo aliongeza mfuko mdogo wa mchanga, kisha mwingine, na hakuongeza hata mmoja kabla Ngendo hajashuka na kupanda na ule uliotangulia bila kutikisika. Mwisho wa Septemba aliacha fimbo kando ya kitanda cha Nduku.

"Nikutunzie?" Nduku akauliza.

"Itumie kuwapiga wanaokucheka."

"Nitahitaji mbili."

Siku ya kwanza ya uchumaji mkubwa ilianza kwa baridi. Wachumaji walipanga mstari uwanjani, na kando ya mlango wa laini mzee Wamboi aliketi juu ya furushi la vitu vyao, lililokwisha kufungwa, kwa kuwa nyapara alikuwa amemwambia alfajiri kwamba afunge. Lori lilikuwa limewashwa.

Gerishon alimwona Ngendo akija bila fimbo. Hakupendezwa.

"Umepona?"

"Nimekuja kazini."

"Hilo nitaliona." Akaonyesha kwa kidole debe lililojaa. Mikono iliyokuwa mezani ikasimama. "Libebe. Chuchumaa. Tuone kama hutateleza tena."

Alimwambia hivyo pale pale, mahali pale pale, na meneja alikuwa mlangoni mwa ofisi na kikombe mkononi. Ngendo alijitwika debe mabegani. Hakukuwa na reli. Hakukuwa na vyuma vya kumzuia wala ukuta nyuma yake. Alitenganisha miguu kwa upana wa mabega, akaweka visigino chini.

"Kwa vidole!" Gerishon akafoka.

"Kwa visigino," Ngendo alijibu bila kuinua sauti. "Kwa vidole ndivyo ulivyonivunja."

Meneja aliinua kichwa kutoka kwenye kikombe. Ngendo akavuta pumzi, akashuka. Mapaja yakalala sawa na ardhi, akatulia hapo, mahali pagumu. Debe lilikuwa zito kuliko mifuko ya mchanga. Goti likaanza kutikisika, na alijua kwamba furushi la mama yake lilikuwa likingoja juu ya tetemeko lile. Akaanza kutoa pumzi ili asukume.

Ndipo aliposikia kamba ikilia juu ya kichwa chake. Mlio mrefu, mwembamba, katika uwanja wazi usiokuwa na kamba wala paa. Uzito mabegani ukapungua, kidogo tu, kama mtu anayetia kiganja chini ya mzigo wa mwenzake pale palipo pabaya. Nyuma yake mtu alikohoa. Ngendo alipanda, sawasawa, kana kwamba reli zilikuwepo, akasimama, na hakulikaza goti.

"Nishuke tena?" aliuliza.

Gerishon alikuwa akitazama nyuma ya Ngendo, mahali pasipokuwa na mtu, na uso wake ulikuwa umekuwa wa majivu. "Nani amekohoa?" alisema.  Wanawake walikuwa wameanza kuchambua buni, safari hii vichwa vikiwa juu, wakimtazama nyapara.

Meneja alirudi ndani. Dereva alizima lori. Ngendo alikwenda akafungua furushi, akamrudisha mama yake chumbani, kisha akarudi kwenye mstari na debe lake.

Hakuna aliyeulizwa lolote. Gerishon alibaki nyapara, na ripoti iliyosema kwamba Ngendo aliteleza haikusahihishwa mpaka wote wawili walipokufa. Ngendo alipata chumba kwa kuwa goti lake lilimudu, si kwa kuwa alitendewa haki, na mtu asinieleze kwamba mambo hayo ni sawa. Haki yenyewe ilikuja kwa kuchelewa mno, miguu mingi ikiwa imekwisha kuvunjwa. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ya Kenya ilianza kutumika, na kifungu chake cha ishirini na tisa kinasema kwamba hakuna mtu atakayepewa adhabu ya kuumiza mwili, wala kuadhibiwa kwa njia ya kikatili au ya kudhalilisha.